Kariakoo na Mlima Wake

Historia ya mji wa Dar es Salaam, kama ilivyozoeleka kufundishwa, ni historia ya bahari. Hutajwa Seyyid Majid wa Unguja, aliyeanza kujenga hapa katika miaka ya 1860. Hutajwa Wajerumani, walioufanya mji huu makao makuu ya koloni lao mnamo 1891. Hutajwa bandari, majahazi na meli. Mwanafunzi akimaliza somo hilo hubaki na picha ya mji ulioelekeza uso wake baharini na kulipa bara kisogo. Hata mashairi yetu ya pwani yameimba mawimbi, tanga na nahodha mara elfu, na mlima mara chache mno.

Maji ya chumvi, hata hivyo, hayanyweki. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika mkoa wa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya maji yao hutoka katika mto Ruvu, kwa mitambo miwili: ule wa Ruvu Juu, uliojengwa 1959, na ule wa Ruvu Chini, uliojengwa 1976. Ukiufuata mto huo kuelekea ulikotoka, ukaziacha nyuma mbuga za Bagamoyo na Kibaha, utafika kwenye milima ya Uluguru, yapata kilomita 200 magharibi mwa bandari. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Kimhandu, kinapita mita 2,600. Huko juu pana msitu, na msitu huo ndio kisima cha mji.

Insha hii yakusudia kueleza ni watu gani waliopanda mlima huo katika nyakati mbalimbali, walifuata nini, na waliwaacha wenyeji katika hali gani. Nimeuchagua mtaa wa Kariakoo uwe mahali pa kutazamia, wala si kwa kuwa ndiko ninakokaa tu. Jina la mtaa huo, soko lake na bomba zake, kila kimoja kina safari yake ya Uluguru.

Tuanze na wenye mlima. Neno lenyewe Mluguru maana yake ni mtu wa mlimani. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya milimani tangu kale ilikuwa mali ya ukoo, ikigawanywa na wakuu wa ukoo kwa wale waliozaliwa na mabinti zake. Kila ukoo ulikuwa na mahali pake pa kuzikia wazee na pa kutambikia, na aghalabu mahali hapo palikuwa ni kichaka kinene ambacho shoka halikuruhusiwa kuingia. Mwenye kukata mti humo hakushtakiwa kwa bwana misitu, ambaye hakuwapo. Alishtakiwa kwa waliolala chini yake. Hiyo ilikuwa sheria iliyotosha kwa zama nyingi, na baadhi ya vichaka hivyo vingalipo hadi leo katikati ya mashamba ya mihogo na migomba.

Kusini mwa milima hiyo, katika Kolero, pana pango mashuhuri. Kwa imani ya wazee, pangoni humo mlikaa Kolelo, nguvu iliyoonekana kwa sura ya nyoka mkubwa, nayo iliulizwa habari za mvua na za mavuno. Jambo la kuzingatiwa na mwanafunzi wa historia ni kwamba waliopanda kwenda kuuliza hawakuwa Waluguru peke yao. Wazaramo, wenye nchi hii ambamo Dar es Salaam ilijengwa, husimulia kwamba asili ya wengi wao ni huko huko Uluguru, na mvua ilipokataa walituma wajumbe wenye sadaka kupanda hadi Kolero. Kwa hiyo mtu wa Uzaramo alijua, karne nyingi kabla ya mhandisi yeyote kuchora bomba, kwamba habari ya maji yake huulizwa mlimani. Mimi naona hiyo ni elimu ya jiografia, ingawa haikuandikwa katika vitabu.

Na mlima haukujibu habari za mvua tu. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipokuwa vinakaribia, neno lilivuma katika Uzaramo kwamba Kolelo amewakataza watu kulipa tena kodi kwa wageni. Twajua vita hivyo viliisha kwa bunduki, kwa moto na kwa njaa. Lakini twapaswa pia kukumbuka kwamba amri ya kwanza ya kukataa kodi, kwa masikio ya watu wa bara la Dar es Salaam, ilidaiwa kushuka kutoka katika pango la msituni. Yamkini ndiyo sababu watawala wa kigeni, tangu hapo hadi mwisho wao, waliutazama mlima huo kwa jicho la wasiwasi.

Wageni wenye daftari walikuwa wamekwisha kufika kabla ya hapo. Franz Stuhlmann, Mjerumani, alizunguka Uluguru mnamo 1894 akikusanya mimea, na mingi ya mimea hiyo ilipelekwa Ulaya ikapewa majina ya Kilatini, mengine yakiwa ni jina lake mwenyewe. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro 1907, na safari ya siku nyingi kwa miguu ikawa safari ya siku moja. Mnamo 1909 Serikali ya Kijerumani ikaweka mipaka na kutangaza misitu ya juu kuwa hifadhi. Hatuwezi kukana kwamba mpaka huo uliusaidia msitu kubaki. Lakini uliwekwa bila ya mwenyeji kuulizwa, na tangu siku hiyo kichaka cha tambiko na msitu wa Serikali vikawa mambo mawili mbalimbali machoni pa sheria, hali kwa mtu wa Kolero au Kinole vilikuwa kitu kimoja.

Katika miaka ya 1920, chini ya Waingereza, alikuja Arthur Loveridge, mtafiti wa wanyama. Kutokana na ukusanyaji wake katika Uluguru ulimwengu wa sayansi ulipata habari za ndege mmoja wa ajabu, mwenye utosi mweusi unaong'aa, mgongo wa kijani na kifua cha njano, ambaye hukaa juu kabisa katika miti mirefu na kusikika zaidi kuliko kuonekana. Ndege huyo, aliyetangazwa 1927, hapatikani mahali pengine popote duniani. Yupo pia chozi wa Uluguru, kindege kidogo chenye mdomo uliopinda, ambaye naye hana makao mengine. Wataalamu hueleza kwamba misitu ya safu hii ya milima, kuanzia Upare na Usambara hadi Udzungwa, imekaa bila kukauka kwa makumi ya mamilioni ya miaka, kwa kuwa upepo wa Bahari ya Hindi haukuacha kuiletea mvua hata nyakati ambapo sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa kavu. Kila mlima ukawa kisiwa, na viumbe vya kila kisiwa vikashika njia yao.

Mwaka 1916 walipanda watu ambao hawakufuata mvua wala ndege. Jenerali Smuts aliingia Morogoro tarehe 26 Agosti mwaka huo akiliandama jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck, ambalo lilirudi nyuma kwa kupitia pande zote mbili za milima ya Uluguru kuelekea Kisaki. Siku chache baadaye, tarehe 4 Septemba, Dar es Salaam ikasalimu amri. Majeshi ya Waingereza yaliufuata mlima kwa mashariki na kwa magharibi, katika njia nyembamba, mabonde yenye matope na mito iliyokatika madaraja. Magari yalikwama, farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o. Kilichobaki ni kichwa na bega la Mwafrika.

Wapagazi hao, wengi wao wakiwa wamekamatwa kwa nguvu vijijini, walibeba mizigo ya kama kilo 25 kila mmoja: risasi, unga, sanduku za maofisa, majeruhi. Walivaa matambara, walilala mvuani, walikula chakula ambacho hawakukizoea na ambacho mara nyingi hakikuiva. Katika vita vyote vile vya Afrika Mashariki, hesabu ya wapagazi waliokufa kwa upande wa Waingereza peke yake inakadiriwa kukaribia 100,000, na waliouawa na maradhi ni wengi kupita kiasi kuliko waliouawa na risasi. Popote majeshi yalipopita, ya upande huu au ule, ghala za chakula ziliachwa tupu na wanaume wakaondoka na mizigo vichwani. Milima ya Uluguru haikusalimika.

Sasa msomaji na aitazame Kariakoo. Kabla tu ya vita Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko katika sehemu waliyokusudia iwe ya makazi ya Waafrika. Soko halijaanza kazi yake, vita vikaingia, na Waingereza walipoushika mji wakalifanya jengo hilo na viwanja vyake kambi ya kikosi cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wetu uliyachukua maneno hayo mawili, ukayalainisha, yakawa Kariakoo. Katika Mtaa wa Samora imesimama sanamu ya askari, iliyozinduliwa 1927. Maandishi ya chini yake yanawataja wapagazi pia. Lakini aliyewekwa juu, na bunduki yake, ni askari. Kumbukumbu ya kweli ya mpagazi ni jina la mtaa, ambalo watu hulitamka kila siku wakiita basi au kuuliza bei, bila kujua kwamba wanawataja marehemu. Nadhani mwalimu wa historia hawezi kupata mfano ulio bora kuliko huo wa jinsi neno linavyoweza kutunza kile ambacho sanamu imekisahau.

Baada ya vita kuu ya pili, mlima ulipandwa na watu wa namna nyingine. Hao walikuja na kamba za kupimia na amri zilizopigwa chapa. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imeona, na iliona kweli, kwamba udongo wa Uluguru unachukuliwa na maji. Kwamba mashamba yanapanda juu zaidi kila mwaka kwa kuwa watu wameongezeka. Kwamba mito inayoshuka imejaa tope. Basi kuanzia 1950 ukaanzishwa mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Wananchi waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko yao, kwa siku na kwa kipimo, na kuchoma majani ya shamba kukapigwa marufuku. Asiyetimiza alitozwa faini au alifungwa.

Inafaa tukae kidogo na jambo hili, maana ndilo kiini cha habari yote. Kwa upande wa Mgeta, magharibi, ambako wenyeji walikuwa na ngazi zao za asili na mboga zilikuwa zikipata soko, matuta hayakuleta chuki kubwa. Kwa upande wa mashariki, kuzunguka Matombo, mambo yalikuwa mengine. Udongo wa huko wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi, ule udongo mzuri hufukiwa chini, na wa chini, usio na nguvu, hutokea juu. Mkulima alitoka jasho msimu mzima kisha akavuna pungufu ya alivyovuna kabla. Alipouliza, aliambiwa kwamba wataalamu wamesema. Zaidi ya hayo, aliona wazi kwamba mtu akishakichimba kipande cha ardhi kwa amri ya Serikali, huenda Serikali ikadai kipande hicho ni chake. Na ardhi, kama tulivyosema, ilikuwa ya ukoo.

Mnamo Julai 1955 watu wa Matombo walikataa. Walikusanyika kwa wingi, mawe yakatupwa, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Katika mwaka huo huo mpango ukaachwa. Ikumbukwe kwamba TANU ilikuwa imezaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika jengo lililoko Mtaa wa Lumumba wa leo, pembezoni kabisa mwa Kariakoo, na katika mwaka wake wa kwanza chama hicho kichanga kilikuwa kikitafuta masikio ya wakulima. Uluguru palikuwa na masikio tayari. Watu waliochoshwa na matuta hawakuhitaji kufafanuliwa kwa maneno mengi maana ya kutawaliwa. Hivyo, kwa mara nyingine, habari ikapita kati ya mtaa wa wapagazi na mlima wa mvua, na safari hii ilikuwa habari ya uhuru.

Wako wanaosema kwamba Waluguru wa 1955 walikuwa maadui wa hifadhi. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyetunza kichaka cha babu zake kwa vizazi vingi hawezi kuitwa adui wa miti kwa kuwa amekataa jembe la kulazimishwa. Walichokikataa ni elimu iliyopanda mlima bila kubisha hodi.

Katika miaka ya karibuni, mwandishi wa insha hii alipata nafasi ya kupanda Uluguru pamoja na walimu wawili na wanafunzi wao wa kidato cha tatu kutoka Dar es Salaam. Tuliondoka Morogoro mjini alfajiri kwa miguu. Mwendo wa kwanza ni wa mashamba: mahindi, migomba, halafu karoti na kabichi katika vipande vidogo vilivyoning'inia ubavuni mwa mlima, kiasi cha kumfanya mtu wa tambarare ashangae jinsi mkulima anavyosimama humo bila kuteleza. Akina mama walikuwa wakishuka na matenga kichwani tulipokuwa tukipanda na mikono mitupu, nao walituamkia wala hawakuhema. Wanafunzi wetu, ambao mpira huucheza jioni nzima, walihema.

Kisha mashamba yakakoma. Hayakupungua kidogo kidogo. Yalikoma kama ukuta unavyokoma, na hatua moja mbele tukawa ndani ya msitu. Humo mwanga ni mwingine. Miti imevikwa kuvumwani na makangaga hadi kwenye matawi, mashina yake hayakumbatiwi na watu wawili, na ardhi chini ya miguu ni laini kama godoro kwa majani yaliyooza miaka na miaka. Baridi ilikuwa ya kuvalia sweta. Tulimsikia mbega kabla ya kumwona, na tulipomwona alikuwa ameshatuona zamani. Kijana wa kijijini aliyetuongoza alituonyesha mashimo ya sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, na kinyonga aliyefanana na jani kiasi kwamba mwanafunzi mmoja alibishana naye hadi jani lilipotembea. Minde, swala wa msituni ambaye ni Tanzania pekee inayemfuga katika milima yake, hatukumwona, na wenyeji wanasema ni wachache wanaomwona.

Ni mwanafunzi wa kike aliyeuliza swali la maana kuliko yote ya siku ile. Alikuwa amekamua kiganjani kipande cha kuvumwani, maji yakamtiririka hadi kiwiko, naye akataka kujua yametoka wapi, kwa kuwa mvua haikunyesha usiku ule wala juzi yake. Jibu lake ndilo linalobeba Dar es Salaam. Upepo utokao baharini ukifika Uluguru hukuta ukuta, ukapanda, ukapoa, na unyevu wake ukageuka mvua na ukungu. Upande wa mashariki hunyeshewa kwa wingi mkubwa. Upande wa Mgeta, ulio nyuma ya ukuta, hupata kidogo zaidi. Hata pale ambapo mvua hainyeshi, ukungu hupita kati ya miti, na kila jani, kila uzi wa kuvumwani, huuchuja na kudondosha tone. Tone huanguka katika lile godoro la majani, likazama polepole, likatokea chini ya mlima kama chemchemi miezi kadhaa baadaye, wakati jua la kiangazi limekwisha kukausha kila kitu. Ondoa msitu, na mvua ileile itanyesha, lakini itateremka siku moja ikiwa na udongo wote wa shamba, kisha mto ukauke. Mto hauhitaji mvua nyingi tu. Wahitaji mvua iliyokawizwa.

Hapo wanafunzi walinyamaza, maana walikumbuka. Mwishoni mwa 2022 kina cha Ruvu kilishuka na jiji likagawiwa maji kwa zamu. Mwaka mmoja nyuma yake hali ilikuwa hivyo hivyo. Katika Kariakoo madumu yalipangwa foleni barazani, na ndoo moja ikawa na bei yake. Bwawa la Kidunda, lililozungumzwa kwa miongo mingi, lilianza kujengwa 2023 ili kuhifadhi maji ya mto huo wakati wa masika. Ni kazi njema na ya lazima. Lakini bwawa hupokea kile kinacholetwa na mlima, na mlima ukileta tope, bwawa litajaa tope.

Msitu tuliomo sasa una hadhi mpya. Mwaka 2008 misitu mitatu ya hifadhi, yaani Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki, iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, yenye zaidi ya hekta 24,000, nayo imo katika mikono ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hata hivyo kati ya kaskazini na kusini, pale Bunduki, pana pengo ambalo zamani lilikuwa msitu na sasa ni mashamba. Ndege wa msituni asiyezoea mwanga haivuki nchi ya wazi kwa urahisi. Vijiji vimepakana na hifadhi pande zote, na familia zenye watoto sita zina kipande cha ardhi kilichowatosha babu zao wawili.

Nilipita pia upande wa Kinole, nikaketi na mzee mmoja barazani kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza natoka wapi. Nilipojibu kwamba natoka Kariakoo alicheka, akasema ndizi zake zinaufahamu mtaa huo kuliko yeye. Kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba huko mjini watu hulipia maji kwa mwezi, na nilipokubali akataka kujua fedha hizo hufika wapi zinapopanda mlima. Aliuliza kwa upole, kama mtu mzima aulizavyo habari za mdeni ambaye ni jamaa. Sikuwa na la kumjibu isipokuwa habari za Kibungo Juu.

Huko Kibungo Juu, katika upande uleule wa mashariki ambako matuta yalikataliwa 1955, mashirika mawili ya kimataifa, CARE na WWF, yalianza mnamo 2006 jaribio la kupatana na wakulima. Mkulima aliyekubali kupanda miti shambani, kuacha ukanda wa majani, au kuchimba matuta ya fanya juu, alipimiwa eneo lake na kulipwa. Na shirika la maji la Dar es Salaam lilikuwa miongoni mwa watumiaji wa mto waliokubali kuchangia. Fedha hazikuwa nyingi, na mpango wa kujaribia huwa na mwisho wake. Lakini msomaji na apime mambo haya mawili. Mlima ni ule ule, mteremko ni ule ule, hata jembe ni lile lile. Mara ya kwanza mtu aliuawa. Mara ya pili watu walijiandikisha. Tofauti haikuwa katika udongo. Ilikuwa katika kuulizwa, na katika kukiri kwamba mtu wa juu anamfanyia kazi mtu wa chini na anastahili ujira.

Kwa hayo turudi sokoni, ambako jambo hili huonekana kila siku kwa mwenye kutaka kulitazama. Jengo kuu la soko la Kariakoo lilisanifiwa na Beda Amuli, msanifu majengo wa Kitanzania, na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mnamo 1975. Paa lake ni miavuli ya saruji iliyopinduliwa, iliyokusudiwa kupokea mvua badala ya kuifukuza. Sijui kama Amuli alikuwa amewahi kusimama chini ya mti wa Uluguru. Ila aliyewahi kusimama huko hawezi kulitazama paa hilo bila kuukumbuka. Moto uliliunguza soko hilo tarehe 10 Julai 2021, na miaka iliyofuata ikawa ya kulijenga upya na kulipanua. Wakati huo wote mzigo haukuacha kuja mjini. Kabichi, karoti na njegere za Mgeta, ndizi na mananasi ya Kinole na Matombo, mdalasini, karafuu na pilipili manga, vyote viliteremka na kutafuta masoko mengine ya jiji, kama maji yanavyotafuta njia yakizibwa. Wachukuzi wanaovipakua usiku kutoka kwenye malori, na kuvibeba mgongoni katika vichochoro ambamo gari haliingii, wanafanya kazi ileile iliyoupa mtaa jina. Tofauti yao na wale wa 1916 ni kwamba wao hupatana bei kabla ya kuinua gunia.

Kwa walimu watakaopenda kuwapeleka wanafunzi wao, safari imekuwa nyepesi. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Ruhusa ya kuingia hifadhini na mtu wa kuwaongoza hutafutwa Morogoro mjini kabla ya kupanda. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, njia hazitelezi sana, ingawa sweta ni lazima. Itafaa wanafunzi wasiishie katika msitu tu. Wapitie mashambani, waamkie, waulize bei ya tenga la karoti hapo shambani na waiandike. Kisha wakirudi waulize bei ya karoti hizo hizo katika soko la mjini, na waiandike pembeni yake.